Siri Aliyoandikiwa Bi Kanga

Kwa jina la Mola aliyewapa ndege sauti, nawasimulia hekaya hii kama nilivyoipokea kwa wazee wa Siyu.

Bi Kanga, mpayukaji mashuhuri, alipata barua pepe iliyojiita ya karani wa Mfalme Simba: “Kiota chako kitabomolewa leo. Nitumie upesi neno la siri la mlango wako, wala usimwambie yeyote.”

Kwa kuyahofia mayai yake, Kanga akawaita majirani wote, akawasomea kwa sauti.

“Tangu lini Simba ana karani?” akauliza Kobe.

Sauti ikafoka kichakani: “Bi Kanga wee! Si nimekuandikia kuwa ni siri?”

Shingo zote zikageuka. Alikuwa Kicheche, mla mayai, simu ingali mkononi. Akatimuliwa kwa midomo, mayai yakasalimika.

Mola awajaalie mliosikiliza ndimi za kuuliza kabla vidole havijabonyeza.