Fulana ya Kaanaeli

Katika kilomita ya thelathini, huko Maji ya Chai, Kaanaeli alimkuta baba yake ameketi kando ya barabara. Hakutegemea kwamba mzee angeweza kutoka nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbio hizi ni za nini?"

"Tunataka wagonjwa wasiopona watunzwe nyumbani, bila maumivu."

"Mungu awasaidie hao."

Nyumbani walimwambia mzee kuwa ana vidonda vya tumbo tu.

Kila mkimbiaji aliandika mgonjwa wake mgongoni, kwenye fulana ya kampuni ya simu. Ya Kaanaeli, iliyolowa jasho, ilisema: BABA YANGU, SARATANI YA INI.

Akaondoka kinyumenyume, hatua tatu.

"Mbona kama unamuaga Mangi, chifu wa zamani?" baba alicheka. "Geuka ukimbie, wanakupita!"

Kaanaeli akasimama. Akageuka polepole, akangoja baba amalize kusoma.