Utazoea Tu

"Muhsina Hashim!"

Sista Beryl aliita mara mbili ndipo mwanamke wa mwisho kwenye benchi akasimama. Alivaa buibui, nikabu na glavu nyeusi, kama wavaavyo wengi wanaotoka Mwabungo kuja kliniki ile ya njia ya Msambweni. Kadi ilikuwa imeshamtangulia ndani. Ndivyo Daktari Muzammil alivyofanya kazi yake: kadi iingie kwanza, mgonjwa afuate, na mara nyingi dawa ilikuwa imeshaandikwa kabla mtu hajakaa.

Adabu alikuwa nayo, hilo hakuna wa kulibisha. Wanawake walimsifu mpaka Jego huko kwamba ana haya, hamkazii mke wa mtu macho. Ukiingia huinamia karatasi zake, akakusikiliza vivyo hivyo mpaka unatoka. Ukimpeleka binti yako pale, unarudi nyumbani na roho yako imetulia.

"Asalaam aleikum, daktari."

"Waaleikum salaam. Karibu, dada Muhsina." Macho yalikuwa kwenye kadi. "Vidonge vya kupanga uzazi, miezi saba. Na hii ni mara ya nne kuja. Haya, kuna nini tena?"

Lile "tena" lilimchoma. Alikaa polepole, akahisi kama kuna mtu aliyekikalia kiti kile kabla yake na bado hajaondoka. Akavuta pumzi. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima na hakutaka kuruka hata moja.

"Kichwa kinaniuma upande mmoja. Kikianza naona vimulimuli, halafu nusu ya kitu siioni. Usiku silali. Na sasa ni mguu huu wa kushoto. Umevimba hapa kwenye shavu la mguu, una moto, siwezi kuukanyagia."

"Hata sauti imekukauka. Kunywa maji. Mtoto yuko vipi?"

"Hajambo. Ana mwaka na nusu."

"Si ndiyo hayo? Unalea, unachoka, kichwa kinauma. Mwanamke gani mwenye mtoto mdogo akalala?"

"Nilikwambia mara iliyopita nataka kuviacha hivi vidonge."

"Nami nikakwambia mwili unataka muda. Wenzako wangapi wanavimeza na wako kimya? Ukiusikiliza mwili sana, kila kitu kitakuuma."

Chini ya nikabu midomo yake ilikuwa ikiyasema majibu hayo pamoja naye. Aliyajua yote, hata pale daktari atakapokohoa. Hakuja kuyasikiliza. Alikuja kwa jambo moja tu, daktari autazame mguu. Akiuinamia hata mara moja, akauliza hata swali moja la maana, yeye angeondoka bila kinyongo, angemwombea dua, angelala. Siku nyingi sasa hakuwa amelala.

"Daktari, utazame mguu."

Akapandisha pindo la buibui mpaka kwenye muundi, akangoja. Feni ilikuwa ikizunguka. Nje Beryl alikuwa akipanga kadi nyingine. Muzammil alijua vizuri kwamba mguu umewekwa wazi mbele yake, kwani aliinamisha kichwa zaidi, akageuka kidogo upande wa dirisha.

"Jisitiri, dada."

"Kama unaona haya, muite Sista Beryl autazame yeye. Yeye ni mwanamke mwenzangu."

"Hakuna haja ya kukuvunjia heshima kwa kitu kidogo." Kalamu ilikuwa inatembea. "Ni homoni tu. Ni kawaida. Utazoea."

"Na nisipozoea?"

"Wote huzoea."

Alimtazama utosini. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka pale katikati, na pengine hapo ndipo wagonjwa wake wote walipopajua zaidi kuliko uso wake. Alitamani kumshika kidevu, akiinue kichwa kile kwa nguvu, amwambie nitazame. Mkono ulifika hata ukingoni mwa meza. Kisha hasira ikamwisha ghafla, ikabaki baridi tu, na akaliachia pindo la buibui.

Muzammil akaisukuma kadi. Vidonge vilevile, dawa ya maumivu juu yake, arudi baada ya miezi mitatu.

"Allah akupe afya, dada Muhsina. Na usiwe na wasiwasi."

Ilimbidi ashike meza ndipo ainuke. Magoti yalilia. Daktari alikuwa ameshavuta kadi ya anayefuata.

Nje barazani aliketi ukingoni mwa benchi na kuifunua nikabu apate hewa. Msichana aliyekuwa akingoja zamu, mkono mmoja umebana kipaji cha uso, alimtazama usoni, akasimama mara moja kumpisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa tu. Jina lako nani?"

"Twaiba."

"Unaumwa na nini, Twaiba?"

"Kichwa, na macho yananiingia giza. Tangu nianze vile vidonge." Alijaribu kucheka. "Mama anasema nadeka. Anasema daktari huyu ni mtu wa adabu sana, nimsikilize yeye."

Bibi aliitazama kadi aliyotoka nayo ndani, wino haujakauka bado.

"Mimi pia nilimwambia Muhsina wangu hivyo hivyo," alisema. "Leo alasiri tunamsomea arobaini."