Sahani ya Mwatumu

Mwalimu Shekue aliinua uso kutoka kwenye hadubini. "Hawa bakteria si wa kugandisha maziwa, Mwatumu. Hawa ni wa chooni. Umewatoa wapi?"

Darasa zima likageuka. Mwatumu aliikamata sahani aliyowaoteshea, kidole gumba kikiziba alichokiandika ubavuni: kikombe cha mama.

"Bomba la nyuma, mwalimu."

"Basi mtu asinywe maji ya pale!"

Kengele ya mapumziko ikalia. Kupitia dirishani, Mwatumu alimwona mama yake langoni, kando ya ndoo ya mtindi wa kuuza, mtoto mchanga mapajani, wanafunzi wamemzonga. Mama alimpangusa mtoto makalio kwa pindo la kanga, na kwa pindo lilelile akapangusa kikombe, akakijaza. Kisha akakiinua juu kuelekea dirishani, akicheka: njoo, chako hiki.