Madoa ya Stumai

Siku hizi mhadhiri akimfelisha mwanafunzi, alama ile humtokea yeye mwenyewe mkononi, doa jeusi lisilofutika mpaka mwanafunzi arudie mtihani na kufaulu. Ndiyo maana wahadhiri wengi wana mikono laini kama ya watoto wachanga.

Si mke wangu. Stumai anafundisha anatomia, na madoa yake yamefika kwenye viwiko. Matokeo yakikaribia hujifungia jikoni na karatasi zake, akisonya, akirudia kusoma jibu lilelile la ovyo ili alitafutie walau nusu alama. Akiikosa, humpa kijana wa watu sapu, arudie mtihani, kisha huja kunionyesha doa jipya.

"Huyu ana akili," huniambia. "Atasoma, atalifuta."

Harusini huvaa gauni la mikono mifupi. Watu humkodolea macho, nami hutembea kifua mbele.

Juzi nililazwa ili nipasuliwe nyongo. Daktari wa upasuaji, kijana mcheshi, alimtambua Stumai mara moja.

"Shikamoo, mwalimu. Nimesoma chuo chenu."

"Marahaba, baba. Mbona sikukumbuki? Anatomia ulifundishwa na nani?"

"Profesa Mgalula. Ana roho nzuri yule, hajawahi kumfelisha mtu."

Mgalula tunamjua. Mikono yake haina hata doa moja.

Stumai alitabasamu, akamtakia kijana kazi njema. Kitanda kilipoanza kusukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, ndipo nilipogundua kwamba hajaniachia mkono.