Ndoto Iliyouzwa kwa Uji Mwekundu

"Tia basi, mwenzangu, baridi hii itatuua!"

Shemasi Pyo alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyuma za kanisa, ibada ya alfajiri ndiyo kwanza imeisha, ameikinga aproni yake kwa mikono miwili.

Shemasi Maeng akatazama kulia, akatazama kushoto. Mchungaji hakuwepo. Akakusanya viganja, akamimina hewa tupu ndani ya aproni, kisha akapangusa mikono.

"Haya, samaki huyo. Mkubwa, magamba ya dhahabu, karuka kutoka kisimani kaniingia kwenye sketi mzimamzima. Kuanzia sasa ndoto ni yako, mimi simjui."

"Umeuza?"

"Nimeuza."

Shemasi Pyo akaipiga aproni fundo, akamkabidhi mwenzake sufuria ya uji wa maharage mekundu, ule unaopikwa siku yenye usiku mrefu kuliko zote za mwaka. Ulikuwa bado unafuka moshi.

Pale mjini kwao hata mtoto wa chekechea anajua kwamba samaki wa namna ile ni mimba. Tena si lazima aiote mwenye mimba. Huota bibi, huota shangazi, wakati mwingine hata jirani. Na mwenye shida anaruhusiwa kununua. Shemasi Pyo shida alikuwa nayo. Mkwewe aliyeko mjini Busan, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, na kila akija kusalimia alikwepa kuwatazama watoto wa watu. Kijana wake mdogo, Chihun, huyo hakumhesabu kabisa. Fundi majokofu, ameshapita arobaini, mchumba hana, kazi yake kila wiki kwenda kunyolewa saluni kwa Seonju, binti wa Shemasi Maeng, mpaka kisogo kikabaki kinang'aa. Ukimuuliza, anasema nywele zake zinaota haraka.

"Wewe huitaki kweli?" Shemasi Pyo aliuliza, asije akaonekana mwizi.

"Niipeleke wapi? Seonju wangu hana hata mchumba. Kanisa lipate la kusema?"

Kanisa lilipata la kusema hata hivyo. Jumapili mchungaji alihubiri habari za Yusufu, akapita kwenye miganda na ng'ombe wanono wa Farao, akamaliza macho yakiwa kwenye benchi la akina mama. "Katika Biblia nzima watu wameota, wamefasiriwa, wengine wamekimbilia Misri kwa ajili ya ndoto. Lakini hakuna hata mmoja aliyenunua!"

Shemasi Pyo akamvizia mlangoni. "Mchungaji, samahani. Esau si aliuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza? Tena kwa uji."

"Ule ulikuwa wa dengu, Shemasi."

"Mwekundu, si mwekundu?"

Mchungaji akakohoa, akamsalimia mtu mwingine.

Ikawa kila asubuhi ni simu Busan. "Mwanangu, husikii kichefuchefu?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo? Hebu jitahidi."

Baada ya mwaka mpya, siku hiyo ni mkwe aliyepiga. Siku zake zilikuwa zimekuja. Hakulia, aliomba radhi tu, kwa sauti ndogo, kana kwamba amevunja sahani ya mtu. Shemasi Pyo akakaa chini jikoni akalia yeye kwa niaba yake, wali ukaungua. Amempa mtoto wa watu matumaini ya samaki! Akajifuta uso, akaenda moja kwa moja kwa Shemasi Maeng.

"Ndoto yako mbovu. Nirudishie uji wangu."

"Uji nimeshakula. Na chumvi ilizidi."

Wakanuniana. Alfajiri kanisani kila mmoja akakaa upande wake.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, mlango wa Shemasi Pyo ukagongwa. Alikuwa Shemasi Maeng, macho mekundu, sufuria ileile mkononi imejaa uji ambao msimu wake umeshapita.

"Nirudishie samaki wangu."

"Kulikoni tena?"

"Seonju anatapika. Kila asubuhi. Baba wa mtoto ni nani, hataki kusema. Ndoto ilikuwa yetu, nami nikaiuza kwa tamaa ya tumbo. Mtoto tayari hana baba, dada yangu. Asikose na ndoto yake."

Wivu ulimchoma Shemasi Pyo mpaka akashika mlango aufunge. Yeye aliyeomba miaka yote hana kitu, na huyu aliyeuza ndiye anayepata!

"Esau naye alilia," alisema. "Hakurudishiwa."

Shemasi Maeng akamsogezea sufuria kwa mikono miwili.

Ah, moyo wa mtu si jiwe. Shemasi Pyo akaenda kuitungua aproni msumarini. Hakuwahi kuifua wala kuifungua tangu siku ile. Akaanza kuhangaika na fundo, machozi yakimdondokea vidoleni.

"Kinga sketi yako," alisema. "Chukua, kabla sijabadili mawazo."

"Mama, usimpe!"

Chihun alikuwa ametoka chumbani, kisogo kimenyolewa upya. Akapiga magoti mbele ya wale mama wawili, paji la uso likagusa sakafu.

"Wewe yanakuhusu nini?" mama yake alimkemea. "Haya ni mambo ya ndoto."

"Na mimi nimeota, mama."

"Umeota nini, na wewe?"

"Kama yule Yusufu wa Mariamu. Nimeambiwa nisiogope kumchukua Seonju." Akakuna kisogo, hakuinua uso. "Ila mimi, mama, mtoto ni wangu."