Ukurasa Usio na Lakini

"Ubeti wa tatu umeukimbia kama mwizi aliyesikia mlango."

Fundi cherehani aliisoma komenti hiyo mara moja kwenye simu, akaifuta. Ilikaa sekunde kumi na moja tu. Mguu wake haukutoka kwenye pedali.

Nyuma ya ukuta mwembamba gitaa lilianza tena. Akashusha pumzi. Mdogo wake hajaiona.

Albamu ya mdogo wake ilikuwa na siku tano tangu itoke. Kwa miaka tisa kijana huyo alikuwa koo la bendi ya roki iliyopasua spika na masikio. Sasa ametoka peke yake, na gitaa moja, na nyimbo kumi za kunong'ona. Mashabiki walikuja na moto wao wa zamani wakakuta jivu. "Hizi ni za kulaza watoto." "Turudishie kelele zetu." "Nzuri, lakini siyo wewe."

Ukurasa wake wa mtandaoni ulikuwa mikononi mwa dada mtu tangu enzi za bendi. Yeye ndiye aliyebandika picha, yeye ndiye aliyejibu, na watu huko nje waliamini wanajibiwa na mwimbaji mwenyewe. Siku hizi tano alijiongezea kazi. Alifuta matusi kwanza, kisha kejeli, kisha kila komenti yenye "lakini" ndani yake. Ilibaki mioyo na makofi.

Hakuwa mwongo. Alikuwa na kumbukumbu. Wimbo wa kwanza kabisa wa kijana huyu ulipochekwa, alijifungia miezi minne, mama yao akimpitishia chakula mlangoni kama mfungwa. "Huyu ngozi yake nyembamba," mama alisema siku zake za mwisho. "Wewe ni fundi. Mvalishe."

Saa nne asubuhi mlango ulifunguka. Mdogo wake alitoka na shati lililokunjamana, simu mkononi.

"Wanasemaje leo, Pini?"

Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa zile pini ambazo dada alizibana midomoni akishona. Jina hilo halikuwahi kutoka nje ya nyumba.

"Si unasoma mwenyewe?"

"Nasoma. Watu elfu mbili, wote wamefurahi." Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Hata harusini hakukosi mjomba mmoja wa kulalamikia chumvi."

"Basi mjomba huyo hakualikwa."

Hakucheka. Chai aliiacha nusu, kama jana, kama juzi. Jumamosi alitakiwa apande jukwaani peke yake kwa mara ya kwanza, na tayari alikuwa amesema, akitazama sakafu, kwamba huenda asiende. Dada mtu hakuelewa. Sifa zote zile, na mtu anakonda.

Akarudi chumbani. Gitaa likapiga mistari miwili, likanyamaza. Simu juu ya meza ya cherehani ikatetemeka.

Ni yuleyule wa ubeti wa tatu tena. Akaunti bila picha, jina lake Msumari. "Wimbo wa pili una ukweli. Wa saba umejipaka poda."

Akafuta.

"Na hili utalifuta?" Msumari akaandika.

Akafuta na hilo.

Wengine walirusha mawe popote yatakapoangukia. Huyu alijua mfupa ulipo. Anayeujua ubeti wa tatu hivyo, aliwaza fundi, amewahi kukaa na mwimbaji wake chumba kimoja. Akamfikiria mpiga dramu wa bendi, aliyeachwa bila kuagwa. Akazima cherehani, akatoka.

Alimkuta gereji, akipuliza rangi mlango wa gari uliolazwa juu ya mapipa.

"Msumari ni wewe."

"Shikamoo kwanza, dada."

"Sikuja kwa utani. Unamuua mwenzako polepole."

Mpiga dramu akashusha barakoa. "Mimi nikiwa na neno nalisema kwa jina langu. Na nililisema siku ya kwanza. Niliandika kwamba wimbo wa pili umenitoa machozi hapahapa, mbele ya wateja, lakini ubeti wa tatu wa ule wa kwanza ameukimbia. Jioni narudi, limefutwa." Akajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole. "Nikasema sawa. Ameniacha kwenye bendi, na sasa hata kunisikia hataki."

Fundi aliikumbuka ile komenti. Jina hakulitazama. Alitazama "lakini".

Alipofika nyumbani gitaa halikusikika. Akagonga mlango wa chumba.

"Nipo," ilijibu sauti.

"Njoo ule."

"Baadaye."

Akaweka sahani chini, mbele ya mlango, mkono wake ukifanya kama ulivyofanya wa mama. Jua lilipozama sahani ilikuwa palepale, chakula kimeganda, nzi wawili juu yake.

Akaketi penye cherehani bila kuiwasha. Simu ikatetemeka.

"Jumamosi utamwimbia nani?" aliuliza Msumari.

Kidole kilikwenda penye kufuta kwa mazoea. Akakizuia. Kwa mara ya kwanza alimwandikia mtu huyo pembeni, pasipoonekana na wengine, akijifanya mdogo wake kama alivyojifanya siku zote.

"Mimi ndiye mwimbaji. Nimekukosea nini? Unataka nini kwangu?"

Jibu lilifika kabla hajaweka simu chini.

"Niachie hata lakini moja tu, Pini."