Kura Moja Nyeusi

Garufalia alipofika mlangoni kwa Kanelos sauti ilikuwa imemkauka, maana huyo alikuwa kijana wa arobaini kuombwa jambo lile lile. Alijishikiza kwenye mwimo wa mlango, akakohoa katika kitambaa, kisha akakikunja haraka ili kijana asione damu.

"Jumapili, siku ya kura, ukitia mkono kwenye sanduku la mume wangu, goroli yako iangushe kushoto. Upande mweusi, wa kukataa."

"Nona!" Kanelos alishtuka. Nona ni mama wa ubatizo, na katika milima ile neno lake halirudishwi. "Nimwangushe mzee Lambros? Si watanichuna ngozi!"

"Nani atajua? Mkono unaingia kwenye bomba, goroli inadondoka, basi. Mwanangu, akishinda tena ubunge lazima nimfuate Athene, na daktari kaniambia wazi. Nikikaa Athene msimu mmoja zaidi wa baridi, na vumbi lile na moshi ule, sifiki Pasaka. Hapa kwenye misonobari nitaishi. Mimi ndiye niliyekushika majini huna hata jino. Leo na mimi nakuomba."

Kanelos akambusu mkono, akaapa huku machozi yakimlengalenga. Wale thelathini na tisa nao walikuwa wameapa.

Mke wa mbunge hubatiza watoto ili mumewe apate kura, na Garufalia alianza kazi hiyo tangu alipoolewa. Alibatiza wavulana tu, kwa sababu watoto wa nona mmoja hawaruhusiwi kuoana. Angechanganya na wasichana, nusu ya kijiji wangekosa wachumba. Sasa wavulana wale walikuwa wanaume wenye ndevu na haki ya kupiga kura.

Haikuwa kwamba hakujaribu kusema na mumewe kwanza. Alimpigia magoti.

"Jitoe, Lambros. Mara hii tu."

"Nikawaambie nini ndugu zangu? Kwamba nimerudi nyuma kwa ajili ya kikohozi cha mwanamke? Watanipa sufu nisokote na wanawake!"

"Basi nenda peke yako."

"Mlango wa mbunge asiye na mke wa kupokea watu nani ataubisha? Na wewe ukibaki, watasema nimekurudisha kwenu."

Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mwoga wa maneno ya watu, na uoga wa namna hiyo unaua vilevile.

Jumapili masanduku yalipangwa kanisani, moja kwa kila mgombea, na wanawake wakasubiri uani. Adhuhuri ilipita. Mwishowe msimamizi akatoka na karatasi, akasoma hesabu ya sanduku la Lambros.

"Nyeupe, mia na kumi na moja. Nyeusi, moja."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Huyo mmoja ni nani? Ajitokeze tumbusu!"

"Labda mkono ulimteleza, maskini!"

Garufalia hakucheka. Aliwatafuta wanawe wa ubatizo mmoja baada ya mwingine katika ule umati, na kila aliyemwangalia aliinamisha macho akatazama viatu vyake. Siku ya tatu habari ikaja kwamba katika jimbo zima Lambros ameshinda kwa kura thelathini. Wale arobaini wangetosha kabisa. Wiki mbili baadaye walimpandisha juu ya nyumbu, na safari ya Athene ikaanza.

Kufikia Krismasi alikuwa hainuki tena kitandani. Hapo ndipo alipomwambia mumewe yote, akingoja matusi. Lambros hakumtukana. Alimnywesha supu kijiko kwa kijiko.

"Yupo mmoja, Lambros. Kati ya wanaume wote wale, mmoja alitaka niishi. Ni Kanelos? Hapana, yule hata uso wake haukuweza kuficha aibu. Labda Stathis, yule kiwete. Alikuwa na moyo tangu utoto."

Kila alipoanza kuwataja, Lambros aliinuka kwenda kuchochea moto, hata ukiwa unawaka vizuri.

Katikati ya Kwaresima, asubuhi moja ya mvua, Garufalia alivua shingoni msalaba wake wa dhahabu, ule aliopewa na nona wake mwenyewe.

"Mpe yule wa nyeusi. Mwambie nilikufa nikimshukuru yeye tu."

"Garufalia, sikiliza, mimi..."

"Niahidi kwanza."

"Nimeahidi."

Aligeukia ukutani, akiwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi. Lambros alikaa muda mrefu akitafuta pa kuanzia. Alipopata neno la kwanza na kumgusa bega, hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Arobaini yake ilisomwa kijijini, baada ya Pasaka. Lambros aliuweka msalaba mezani kando ya sinia la ngano ya kuchemsha, ile ya kuwakumbuka wafu, akawaeleza wana wa ubatizo wa marehemu wosia wake.

"Aliyetia nyeusi aje auchukue," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesihi.

Hakuna aliyesogea. Kisha Kanelos akapiga magoti.

"Mimi nilitia nyeupe. Nilisema Nona hajui anachokitaka, Athene wapo madaktari wa mfalme, watamponya. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyevunja kiapo."

"Hata mimi nyeupe," alisema Stathis, akilia waziwazi. "Kwa ajili ya hao hao madaktari."

Wakakiri wote, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Padri akawatazama, akahesabu tena kwa vidole.

"Arobaini," alisema. "Sasa msalaba ni wa nani?"

Lambros alisimama. Aliuchukua msalaba mezani, akafungua kola ya shati lake jeusi mbele ya ndugu zake wote, akauvaa.